Kwa Kaka Fundi, Aliyechimba Kisima cha Stesheni

Kaka yangu Fundi,

Wamechonga jina kwenye jiwe la kisima. Si lako. Ni la bwana wa Kidachi aliyekuja kutazama kazi mara mbili, na mara zote mbili hakushuka kwenye farasi. Mume wangu alikwenda bomani na wazee wawili kuomba jina lako liandikwe chini ya hilo, hata kwa herufi ndogo. Karani akawaambia, "Yule Kalasinga alikuwa fundi tu. Mafundi huandikwa wapi?" Wakarudi mikono mitupu.

Wadachi walitaka maji ya gari la moshi peke yake. Wewe na mume wangu mlipasua mwamba kiangazi kizima, na maji yalipotoka ukajenga hodhi la pili nje ya uzio wa stesheni bila kuagizwa na mtu. Msimamizi alipofoka, ulimjibu kwa Kiswahili chako: "Gari inakunywa. Ng'ombe inakunywa. Mama huyu na mtungi yake, je?"

Mama huyo nilikuwa mimi. Kabla ya hapo nilikuwa nafukua mchanga wa korongo tangu alfajiri kwa ajili ya mtungi mmoja wa maji ya chumvi.

Nakumbuka pia siku zako za kulisha watu. Ulipika chapati na dengu mbele ya banda lako, ukatandika magunia mstari mmoja, na kila aliyepita alikaribishwa, mradi akae chini kama wenzake. Siku moja alifika mfanyabiashara Mrangi kutoka Kondoa, kanzu yake nyeupe pe! Nafasi ilikuwa imebaki moja, katikati ya wachukuzi wawili wenye vumbi.

"Mimi nikae hapo?"

"Simama tu, mzee. Lakini chapati inakwenda kwa mtu amekaa."

Wachukuzi walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mzee akaketi. Alikula tano.

Halafu ikaja homa yako. Mume wangu alikuwa stesheni ya Zuzu kwenye kazi ya reli, nikakuuguza mimi. Siku ya nne ukawa hujitambui. Kwetu Ugogo, mgonjwa wa namna ile hunyolewa ili dawa iguse ngozi. Nilikufungua kilemba, nikazishika nywele zile ndefu ulizokuwa ukizichana kila asubuhi, nikafikiri ni kama za vijana wetu, wanaozisuka na kuzipaka udongo mwekundu, kisha siku ikifika wanazikata bila majonzi. Sikuwahi kukuuliza. Nikachukua wembe. Nywele nikazichoma, mchawi asizipate.

Uliamka jioni. Ukapapasa kichwa.

"Dada, wapi?"

Nikakwambia. Uliomba kitambaa, ukakifunga mwenyewe, ukageukia ukuta. Uliishi siku mbili zaidi na hukuniita dada tena.

Rafiki yako seremala alikuja kwa gari la moshi kutoka Morogoro pamoja na wenzake, wakuchome kwa desturi yenu. Tuliwasaidia kukusanya kuni. Alipokufunua kichwa, aliuliza, "Nani amefanya hii? Kwetu nywele haikatwi mpaka kufa." Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Daktari wa Wadachi." Ilikuwa rahisi kuamini. Mimi nilikuwa nimekumbatia kuni kifuani, nikanyamaza.

Tangu hapo watu wananisifu kwamba nilimuuguza Kalasinga kama ndugu. Nawalaani Wadachi kwa kukunyang'anya kisima, kaka, na kila nikiwalaani najisikia mwongo. Wao walichukua kazi yako. Mimi nilichukua kile ulichokilinda tangu kuzaliwa, nikawaachia wao lawama.

Jana seremala alishuka kunywa maji, gari likiwa linapakia kuni. Nikamfuata hodhini.

"Ni mimi niliyemnyoa. Si daktari."

Alishusha kikombe.

"Aliamka? Alijua?"

"Alijua."

"Alisema nini?"

"Aliomba kitambaa tu."

Akamwaga maji yaliyobaki kwenye kikombe chake. Akapanda gari bila kuniaga.

Sisemi umenisamehe, maana hukusema. Wanaosoma barua hii wajue tu kwamba kisima ni chako, na kosa ni langu. Nakuaga, kaka, kwa jina ulilonipa, ingawa sijui kama bado ni langu.

Dada yako