Mama Kaziba Matundu Niliyoyanunua

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na kama utacheka basi cheka kwanza ndipo uandike, maana mwenzio sina raha.

Mimi ni mke wa mhandisi na mama wa binti mmoja wa darasa la kwanza, na mwaka jana kazi ya mume wangu ilituhamishia kwenye mtaa wa matajiri, zile nyumba za juu mlimani zenye ua wa maua uliopunguzwa kwa mkasi, si kwamba nasi ni matajiri, nyumba ni ya kampuni na hata mapazia tuliyakuta, ila shule ya mtaa ni hiyo hiyo moja na mtoto wangu anasoma na watoto wao. Siku ya kwanza kumpeleka nilivaa gauni langu la zambarau alilonishonea mama, lenye kola ya lesi na mikono iliyojaa, nikavaa na viatu vya visigino, kwa sababu mama yangu alikuwa dobi wa hoteli maisha yake yote ya kazi na kwetu mtu haendi mbele za watu na nguo yenye makunyanzi. Mshauri, nilifika getini nikakuta kina mama wenzangu utadhani wamekimbia moto. Fulana zimepauka, suruali zimechanika magotini, nywele zimefungwa kwa mpira wa kufungia noti, na mmoja shati lake kama limetafunwa na ng'ombe. Nikajisemea kumbe na huku watu wanahangaika kama sisi, nikawahurumia kwa dhati, mpaka walipoanza kupanda magari yao.

Mlinzi akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu mpya. Halafu mama mmoja, ambaye nitamwita Mama Miwani kwa kuwa miwani yake ya jua hukaa kichwani na sijawahi kuiona ikishuka machoni, akanishika mkono wa gauni akauliza, "Hili nani kakushonea?" Nikajua nachekwa. Nikamjibu, "La zamani tu hili," nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi, kwa sababu nilitaka kuelewa, kama wote wamevaa matambara, wanajuanaje nani ni nani? Nimechunguza na nimegundua mengi. Fulana inatakiwa iwe imepauka lakini shingo isilegee. Suruali ichanike magotini tu, ikichanika pengine hiyo ni shida si mtindo. Raba ziwe nyeupe, na siri iko chini, soli nazo ziwe safi, maana anayetembea kwa miguu soli zake zinamsema, na wao nyumbani ni zulia, garini ni zulia, na getini ni vigae. Dhahabu iwe moja nyembamba, kama vile umesahau kuivua. Na yule aliyejipamba sana ndiye anayeonekana amekuja kuomba kazi. Mama Pacha, ambaye wanasema nusu ya majengo ya mtaa ule ni ya mumewe, ndiye anayevaa vibaya kuliko wote, na wote wanamwangalia yeye kabla ya kuvaa.

Basi na mimi nikanunua. Bei siitaji kwa sababu mume wangu anasoma ukurasa huu. Nilinunua suruali ya jinzi yenye magoti wazi na shati la kitani ambalo muuzaji alinionya nisilipige pasi kamwe, livaliwe na makunyanzi yake. Nikawa nasimama nao getini, wakaanza kunipa na umbea wao, mlinzi akaacha kuniita mwalimu.

Mwezi huu mama akaja kututembelea. Siku ya pili tu nimerudi kutoka sokoni nakuta suruali yangu iko kwenye kamba, magoti yote mawili yamezibwa, viraka vya rangi ile ile, mshono mdogo huuoni mpaka uinamie, na shati la kitani limetiwa wanga limesimama lenyewe, mstari wa pasi mkononi ungeweza kukata mkate. Mama amekaa kwenye ngazi za nyuma, anajinyoosha mgongo, anatabasamu. Mshauri, nilimfokea. Nilimwambia, "Mama umeniharibia nguo, yale matundu nimeyanunua." Akanitazama. Akauliza, "Umenunua matundu?" Nikasema ndiyo. Akainuka kuanua nguo zilizobaki. Jioni nikamsikia sebuleni anamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kazi bado ipo? Niambie tu, mimi ni mzazi wenu, tutasaidiana." Mume wangu alicheka mpaka akatoka machozi. Mimi sikuweza kucheka.

Wiki iliyopita, kwa haraka ya asubuhi, nikaivaa suruali ile ile ya viraka. Getini Mama Miwani akainama kabisa kuangalia magoti yangu akasema, "Nani kakushonea hivi?" Nikamjibu, "Kuna fundi fulani tu." Binti yangu nimemshika mkono, akasema, "Si fundi, ni bibi." Nikamvuta, nikamwambia akimbie kengele imelia. Kengele ilikuwa haijalia.

Sasa Jumamosi hii watoto wanatakiwa kuja na bibi na babu zao shuleni waone madarasa, na binti yangu ameshamwalika bibi yake bila kuniuliza. Mama ametoa gauni lake la buluu la kung'aa, lile alilovaa kwenye harusi yangu, na mkoba wa rangi ya dhahabu, na kilemba cha shanga, amevitundika mlangoni na kila akipita anavishika. Bibi za watoto wale watakuja na fulana, najua. Nampenda mama yangu na sitaki achekwe. Je, nimnunulie nguo za kawaida nimwambie ndiyo sare ya siku hiyo, au nimwambie shughuli imeahirishwa? Na hata kama hunijibu mengine yote, nijibu hili, watu wenye uwezo wa kuvaa chochote wanachotaka, kwa nini wanavaa hivi?

Ni mimi, Mama Magoti

*

Mama Magoti, mwanangu,

Nimecheka kwanza kama ulivyoniruhusu, pale penye wanga. Kisha nikaisoma barua mara ya pili, kicheko kikaniishia.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu umbea wa aina hiyo na mimi naupenda. Mtu ambaye hajawahi kuzuiwa mlangoni haoni sababu ya kuvaa nguo ya kubishia hodi. Matambara yake ndiyo yanayosema kwamba yeye haulizwi anakwenda wapi. Mama yako alifanya kazi mahali ambapo shati la mtu ndilo lililoamua kama atapita mlango wa mbele au wa nyuma, kwa hiyo wewe akakuvalisha la kupita mbele. Wote wanaomba heshima, kila mmoja kwa njia yake. Wala usifikiri Mama Pacha hahangaiki. Kupata fulana iliyopauka kiasi kile na shingo isilegee ni kazi ya kutwa.

Sasa nikugombeze. Mtu mzima amekunja mgongo kutwa nzima juu ya magoti ya suruali yako kwa sababu aliamini mwanawe amefilisika na anaona haya kusema. Malipo yake yakawa kufokewa. Hilo nalisamehe, uchungu wa nguo mpya naujua. Lakini getini ulimkana, na mtoto yupo anasikia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yule binti ameshajifunza kwamba bibi akiwa nyumbani ni bibi, akifika getini ni fundi fulani tu. Siku utakapozeeka ukatoa mkoba wako wa dhahabu ukautundika mlangoni, fundi fulani utakuwa wewe.

Na unajiita mpelelezi. Umechunguza mpaka soli za viatu, ukapitwa na jambo lililo katika barua yako mwenyewe. Huyo Mama Miwani amekuuliza swali moja mara mbili, na karibu mwaka mzima umepita katikati: nani kakushonea? Mwenye dharau haulizi mara mbili, wala hainami getini mbele za watu kutazama mshono. Anayerudia swali anataka jibu. Simjui mwanamke huyo. Huenda ana gauni la mama yake kabatini na hajui ampe nani alirekebishe, huenda fulana zimemchosha, huenda pia ni mdomo tu. Ungeshajua kama ungemjibu.

Fanya hivi. Habari ya sare, iache. Ya kuahirishwa ndiyo uiache kabisa; binti yako ana mdomo, na umeshauona unavyofanya kazi. Leo hii kaa na mama yako chini umwombe radhi, kisha umwambie kwamba kazi ya mkwewe ipo, hamna njaa, na kwamba huko mlimani watu wananunua matundu. Msimulie yote kama ulivyonisimulia mimi, soli na fulana na Mama Pacha. Mwache acheke. Amebeba wasiwasi nyumbani kwako tangu siku ya pili, na aliyecheka peke yake ni mumeo.

Akishajua yote, muulize yeye anataka kuvaa nini Jumamosi. Akichagua fulana, sawa, ni mtu mzima. Nina hakika hataichagua.

Na wewe toa lile gauni la zambarau. Mpe mama alipige pasi mwenyewe, usimnyime.

Sikudanganyi, mnaweza kuchekwa. Basi mtakuwa mmechekwa asubuhi moja, mmenyooka kola, na mkarudi nyumbani pamoja mkale. Hilo linabebeka. Kukaa mle ndani na mwanamke anayejua kwamba ulimficha, hilo ndilo sijaona aliyeliweza.

Mwingie getini watatu, mtoto katikati yenu. Mama Miwani akiuliza kwa mara ya tatu, wewe nyamaza. Mwache mtoto ajibu, jibu analo tangu wiki iliyopita.

Shangazi yako wa ukurasa huu