Mkokoteni wa Mashaka

Igalula

Mjukuu wangu Nyamizi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mguu wa bibi yako umepona na ameshaanza kugombana na kuku.

Unauliza kwa nini mashine mpya zimeletwa kiwandani kwenu na kazi imepungua, na unasema unazionea wivu. Wivu wa namna hiyo naujua.

Enzi za Mwingereza tulikuwa tukibeba magunia ya karanga kutoka ghala la tajiri mmoja hadi kwenye mabehewa, hapa hapa stesheni. Tulibeba kwa wimbo, kama wapagazi wa zamani, na mimi ndiye niliyetangulia nikiuanzisha. Siku moja tajiri akaleta mkokoteni, akampa Mashaka, mgeni kutoka Lusu. Akasema wimbo hauhitajiki tena.

Nilimchukia Mashaka na magurudumu yake. Hatukugoma wala hatukupanga lolote; bila wimbo magunia yalikuwa mazito tu, na treni ikaondoka na mabehewa yaliyojaa nusu. Tajiri akafoka, sisi tukamtazama.

Kesho yake Mashaka akanifuata. "Kaka, bila wimbo sijui nisukume kwa mwendo gani. Niimbie."

Nikaimba, wenzangu wakaitikia. Mabehewa yakajaa kabla jua halijawa kali.

Tajiri akamsifu Mashaka, akausifu na mkokoteni. Mpaka leo nikisikia gurudumu linalia njiani wivu unanipanda, maana ni sauti yangu iliyokuwa ikiusukuma mkokoteni ule.

Huko kwenu, kabla ya mashine, nani alikuwa akianzisha wimbo? Mtafute, mashine nazo zinahitaji mwendo wake.

Babu yako, anayekohoa lakini sauti bado ipo.