Chujio Jeusi la Januari

Baba Kalina,

Nimewahi kazini. Maharage yako yamo ndani ya oveni, yapashe tu. Madirisha usifungue: leo Skopje nzima imewasha kuni, mlima hauonekani kwa moshi.

Mashine yangu ya kusafisha hewa usiizime. Nimeitia chujio jipya, nene, lenye mkaa. Ndiyo, lile ulilosema ni la kujionyesha! Nilikuambia nimeangalia vipimo vya hewa ya mtaa wetu, shida yetu ni masizi. Wewe ukaenda kununua mashine ya kuzuia chavua ya maua. Maua gani, mume wangu, majira haya ya baridi?

Asubuhi nimelitoa chujio la zamani mbele ya mama yako. Tuliliweka jeupe, sasa ni jeusi kama kitako cha birika la kahawa. Si unajua kila nikigeuka anaifunika mashine yangu kwa kitambaa chake cha kufuma, eti upepo wake utamkaza shingo? Basi amepitisha kidole, akakitazama, akapiga ishara ya msalaba. "Mwanangu, haya yote yangeingia kifuani mwa Kalina?" Kisha akakiondoa kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Mama yako!

~~Sikucheka.~~ Nilicheka, ila jikoni.

Kitambaa usikitafute. Amekitandika juu ya mashine yako ya chavua, akaweka na chombo cha maua ya plastiki. Angalau sasa ina maua ya kupambana nayo.

Mshindi wa nyumba hii,
Mama Kalina