Mhunzi Aliyetolewa Kitabuni

Marangu, Alhamisi, Aprili 1954. Mvua tangu alfajiri, inanyesha bila hasira, kama mtu anayetimiza kazi aliyopewa.

Nimechoka. Si miguu peke yake, ingawa miguu nayo ina malalamiko yake na haioni haya kuyatoa. Nimechoka kama mtu aliyebishana siku nne mfululizo na watu wenye haki.

Naandika barazani, daftari juu ya goti lile lenye nafuu. Mama Elia, mke wangu, yuko jikoni anamenya ndizi na hasemi neno. Kimya hicho nakifahamu. Maana yake ni "nilikuambia", ila amekataa kunipa nafasi ya kujibu.

Acha niyaandike tangu mwanzo, labda yatapungua uzito.

Miaka ishirini na miwili nimepanda mlima huu, kwanza nikiwa mpagazi, kisha kiongozi wa Wazungu, mpaka magoti yalipokataa. Wazungu huacha vitu vingi kwenye vibanda vya juu: makopo, soksi, na vitabu vyembamba vya karatasi mbaya vyenye picha za watu wa panga wakipigana na majoka na wachawi. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa "twende", "pumzika" na "usile theluji". Kusoma sikuweza. Nilitazama picha, nikajitungia mwenyewe yaliyomo, na wapagazi wenzangu waliponiuliza kitabu kinasemaje, niliwaambia.

Baadaye nilijifunza Kiingereza kidogo kidogo, nikavirudia vile vitabu, nikakuta hadithi zangu na za humo hazina hata undugu wa mbali. Zipi zilikuwa bora sitasema. Katika kesi hiyo mimi si shahidi wa kutegemewa.

Ndivyo alivyozaliwa Ngurumo, mpiga upanga mwenye jicho moja, anayetembea juu ya barafu akiwaondoa wachawi mmoja mmoja. Hadithi nane. Nimeziandika kwa miaka sita, majira ya masika, wakati mlima haupandwi na mtu mwenye akili. Mwaka huu Bwana Salehe, mpiga chapa wa Moshi mjini, alikubali kuzifanya kitabu.

Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Hadithi hizi sikuwahi kuzisimulia kama hadithi. Nilisema nimeziona. Kule juu nani angenipinga? Watu wa vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, hawaendi, na Wazungu hawakuulizwa. Nilisema joka la barafu nililiona likivuka bonde. Nilisema wachawi nilisikia wakikohoa. Watu walisogea karibu, wakaniongezea mbege, pombe yetu ya ndizi, nami nikaongeza joka. Kwa miaka mingi niliita jambo hili kipaji.

Hadithi ya nane ndiyo nzuri kuliko zote. Inaitwa "Mhunzi wa Barafu", na kitabu chote kimepewa jina hilo. Ni habari za mchawi anayefua panga ukingoni mwa barafu, panga ambazo haziwi ngumu mpaka zipozwe katika damu ya ndugu wa mfuaji. Ngurumo anapigana naye kurasa kumi na mbili. Hadithi nyingine zina wachawi wa kutosha, lakini ni wachawi wa karatasi. Huyu mhunzi anapumua. Kabla ya kupiga chuma hugonga jiwe tupu mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Mtindo huo wa kugonga mara mbili sikuutunga. Ni wa Mzee Ndekirwa, jirani yetu, mhunzi. Masika nyingi nimekaa kwenye kiwanda chake akinieleza rangi za chuma kinapopata moto, bila kunificha kitu. Nilipoandika, nilimbadilisha jina, nikamrefusha, nikampa ndevu hadi kifuani. Nikajiona mjanja sana.

Jumatatu alikuja hapa nyumbani. Ameshika majani ya masale, yale tunayopanda mipakani mwa vihamba.

Kwetu, anayekuja na masale amekuja kuomba, na ukiyapokea huna njia ya kumkatalia. Huletwa na aliyekosa kwa aliyekosewa. Mimi ndiye niliyekosa. Yeye ndiye aliyeyaleta. Nilitamani ardhi inifunike, pamoja na daftari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Katika kitabu chako kuna mhunzi?"

"Yupo, baba, lakini wa kutunga. Anaitwa Kirumbo. Mrefu, ana ndevu."

"Jina umebadilisha," akasema. "Nyundo hujabadilisha."

Watu wa ukoo wa wahunzi wameheshimiwa na kuogopwa hapa tangu zamani. Wengine hawakuoa kwao, walisema damu yao ina moto. Siku hizi sote ni Walutheri, tunaimba kitabu kimoja, na hakuna anayeamini mambo hayo. Ila watu wanakataa kuyaamini kwa sauti ya chini sana.

Mjukuu wa mzee, Aikande, ameposwa na Josefu, kijana wa familia moja ya Mkuu, Rombo. Jumamosi hii upande wa kijana walikuwa waje na pombe kumaliza maneno. Kumbe mpagazi mmoja wa huko amesimulia hadithi yangu sokoni Mkuu, tena akanitaja mimi kuwa shahidi. Wapagazi hubeba kila kitu. Basi mama wa kijana ametuma kuuliza: ni kweli kwamba wazee wa kiwanda cha Ndekirwa hupoza chuma kwa damu ya ndugu zao? Maana kiongozi wa Marangu ameona kwa macho yake.

"Mtoe," Mzee Ndekirwa akaniambia.

Mikono yangu iliyapokea yale majani kabla mimi mwenyewe sijaamua.

Jumanne nikapanda lori kwenda Moshi, katikati ya magunia ya mbegu za mahindi na mama mmoja mwenye kuku wasiopenda safari. Bwana Salehe, ambaye baba yake alitoka pwani na mama yake ni wa Machame, ana mashine moja ya chapa ya kusukuma kwa mguu. Herufi zake za risasi zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, kwa hiyo a hazimtoshi, maana Kiswahili kinakula a kama sisi tunavyokula ndizi. Hupanga kurasa nane tu, akazichapa, akazibomoa, ndipo apange nyingine. Hadithi saba zilikuwa zimekwisha. Kurasa za mwanzo za mhunzi zilikuwa zimekazwa mezani, wino tayari. Jalada nalo limekwisha kuchapwa: mhunzi, moto, na chini yake maneno "Yaliyoonwa na Kiongozi wa Mlima".

Hayo maneno ya chini nilimpa mimi.

"Umechelewa, Bwana Mwandishi," Salehe akasema baada ya kunisikiliza. "Huyo mzee anajua kusoma?"

"Hajui."

"Basi."

Niliinywea ile "basi" yake kikombe kizima cha chai ya tangawizi. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: nilikuwa naelekea kukubali. Nilijiambia kitabu kitakwenda Tanga, Dodoma, Dar es Salaam, kwa watu wasiomjua mzee wala nyundo yake. Nilijiambia masale ni mila za zamani, mimi Mkristo. Ukristo wangu huja mbio sana ninapouhitaji.

Salehe akaona nimelegea, akataka kunifurahisha. Akainama juu ya herufi, ambazo yeye huzisoma kinyumenyume kama mimi ninavyosoma mawingu, akasoma kwa sauti pale mhunzi anapogonga jiwe tupu. Akagonga meza kwa vidole, mara mbili, taratibu.

"Hapa umepatia! Halafu namjua mtu wa namna hii. Si yule mzee wa Marangu aliyemfulia baba panga la kukatia migomba? Tulimsubiri kutwa nzima, ko, ko, kisha ndiyo anapiga."

Hata Moshi mjini.

"Bomoa," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu anayengoja nicheke. Kisha akalegeza vibano, akaanza kurudisha herufi kwenye visanduku vyake, moja moja, a kwa a, m kwa m. Nilikaa nikatazama mpaka mwisho. Hadithi bora niliyowahi kuandika ilirudi kuwa risasi, na haikupiga kelele yoyote.

Ili kujaza nafasi nimempa ile ya jitu la maji katika mashamba ya mpunga ya Mabogini. Ni mbaya. Jitu lenyewe linazungumza mno, na Ngurumo anapata homa ya mbu kurasa tatu. Niliikataa mwenyewe miaka miwili iliyopita.

"Na jalada?" Salehe akauliza. "Watu watamtafuta mhunzi ndani."

"Wamtafute."

"Wewe jamaa," akasema, "umeandika kitabu, sasa unakificha."

Usiku ule nililala Shirimatunda, kando ya mji, kwa binamu yangu. Jana lori lilizama kwenye tope, tukalisukuma hadi nikasahau nina magoti, kisha yakanikumbusha; tukalala njiani. Nimefika Marangu leo saa nne asubuhi, nikapitiliza moja kwa moja kiwandani kwa Mzee Ndekirwa kumpa habari.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikaanza kujisikia mtu mwema, nami nakiri nilikuwa naifurahia hali hiyo, Aikande alipoingia kutoka kihambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimemtoa. Hayumo tena kitabuni."

Akatua mzigo. "Asante. Karatasi umeitoa. Na maneno yaliyofika Mkuu, nayo umeyatoa?"

Babu yake akamwambia, "Polepole, mwanangu, amesafiri."

"Namwuliza kwa heshima, babu." Akanigeukia. "Nilipokuwa mdogo ulisimulia hapa hapa, habari za joka. Nikakuuliza, ni kweli uliliona? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nakumbuka. Nilisema: kwa macho haya mawili.

"Nilikuamini mpaka nikaogopa kuutazama mlima asubuhi nikienda kisimani. Sasa mama yake Josefu naye amekuamini. Mimi nikimwambia si kweli, atasema nini? Mimi ni mjukuu wa mhunzi. Babu akikataa, yeye ndiye mhunzi. Aliyesema ameona ni wewe."

"Kwa hiyo niende Mkuu nikaseme nini?"

"Useme hukuona."

"Mhunzi tu, au...?"

"Yote, baba mdogo. Ukikataa mhunzi peke yake watajua umetumwa."

"Hata joka?"

"Hata joka."

Mzee Ndekirwa alicheka mpaka akakohoa. "Joka mwachie jamani," akasema. "Lenyewe halina mjukuu wa kuolewa."

Aikande hakucheka. Alikuwa ananitazama, huku akivutavuta pindo la khanga. Binti huyu huwaambia wazee kweli huku akiona haya, wala haachi kuisema. Nami umri wangu wote nimesema uongo bila haya yoyote.

Nimerudi nyumbani nikamweleza Mama Elia. Alisimamisha kisu. "Kwa hiyo miaka yote hiyo," akasema, "hata wachawi waliokohoa?"

"Upepo."

Akaendelea kumenya ndizi. Ndicho kimya nilichokisema hapo mwanzo. Nilidhani ananicheka. Sasa naona labda naye aliamini, na hilo ndilo linalonichosha kuliko lori.

Najua kitakachofuata. Nikishasema Mkuu, wapagazi watakibeba hicho nacho. Kitafika Marangu kabla yangu, kitafika Moshi. Kitabu kitatoka kwa Salehe na jalada lake lenye mhunzi asiyekuwemo, na maneno yale ya chini ambayo kila mtu atajua si kweli. Mbege ya kuongezewa sitaiona tena. Watoto hawatasogea. Nitakuwa mzee mwenye magoti mabaya aliyewahi kuwabebea watu mizigo.

Na pengine bado mama wa kijana atakataa. Neno likishaingia kwa shangazi za watu, silo langu tena.

Hata hivyo nitakwenda. Lori la Rombo hupita asubuhi. Nitasimama mbele ya mama yake Josefu na mashangazi wote watakaokuwepo, nitavua kofia, nitawaambia kwamba kule juu, kwa miaka ishirini na miwili, sikuona kitu isipokuwa mawe, barafu, na Wazungu wakitapika. Kwamba Mzee Ndekirwa hupoza chuma kwa maji ya mfereji kama mtu yeyote. Kwamba mimi ni mwongo, nimekuwa mwongo tangu ujana, na watu wote wa upande huu watathibitisha kuanzia kesho.

Jambo moja tu linanisumbua. Nimewahi kuwaambia watu mambo mengi yasiyowezekana, na wote waliniamini. Hili la kesho ni la kweli.

Sijui nitafanya nini wasiponiamini.