Printa ya Baba na Kadi za Msiba

Yonezawa, Desemba

Kwa mdogo wangu Hidemasa,

Hujambo, na huko Osaka hamjambo nyote? Wifi Sanae anaendeleaje? Na binti yenu Rinka je, kile kikohozi chake kimemwachia? Huku kwetu theluji imewahi mwaka huu, na matunda ya kaki niliyoyamenya na kuyaning'iniza barazani yameganda kabla hayajakauka vizuri. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo unaonibana nikiamka asubuhi. Habari za mama nitakupa humu humu, kila kitu mahali pake, na nakuomba usiruke mistari kwenda kuzitafuta.

Utajiuliza kwa nini dada yako anaandika badala ya kupiga simu. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe hunimalizia sentensi. Nikisema "Hidemasa, mama," unasema, "Najua, dada, najua, wiki hii nimebanwa." Karatasi haina mtu wa kuikatiza.

Nianzie siku tulipomaliza ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu baba afariki. Uliingia chumbani kwake, ukaiona ile kompyuta yake ya zamani, ukacheka. Ulisema mashine ya namna ile ni hatari, kwamba wezi wa mtandaoni wanaingia kama nyumba isiyo na mlango. Mama alikwambia mbona inafanya kazi. Wewe ukaibeba na kuitia kwenye buti la gari. Wiki iliyofuata akaja mtu wa vifurushi na kompyuta mpya, nyembamba, nzuri kweli, na mama akakusifu mtaa mzima. Printa ya baba ikabaki palepale juu ya kabati. Ulisema hiyo haina shida, ukichomeka waya tu kompyuta itaitambua yenyewe na kujiwekea kila kinachotakiwa.

Unajua baba alivyokuwa na printa ile. Kila mwisho wa mwaka alikuwa akichapa kadi zetu za heri ya mwaka mpya mwenyewe, na zikija kadi za watu zilizochapishwa dukani alizigeuzageuza na kusema, "Hii haina mkono wa mtu." Basi mama alisema taarifa ya msiba wa baba haiwezi kutoka dukani. Itoke kwenye printa yake, iwafikie watu mapema, kabla hawajaanza kututumia heri za mwaka mpya nasi tumo matangani.

Akaanza kazi. Vidole vyake unavijua vilivyopinda, lakini alikaa pale kwenye kotatsu, ile meza yenye moto chini yake, siku baada ya siku, akaandika anwani za watu wote kwa brashi, upande wa mbele wa kadi. Upande wa nyuma ndio uliokuwa ukingoja printa. Maneno tuliyatunga pamoja, na chini akataka jina lako litangulie, kwa sababu wewe ndiye mtoto wa kiume na ndiye uliyeongoza mazishi. Lake lifuate, langu liwe la mwisho. Nikayapanga hivyo.

Nilichomeka waya. Kompyuta ikasema kifaa kimeonekana, ikajizungusha kidogo, ikasema kiko tayari. Nikatia kadi ya kwanza, ile ya shangazi wa Tsuruoka. Printa ikaivuta, ikatoa maneno yaliyokatwa katikati, nusu ya jina la baba iko kwenye kadi na nusu imemwagika kwenye rola ya printa. Ya pili ikatoka na alama za ajabu ambazo si Kijapani wala si lugha ya mtu yeyote. Ya tatu ikatoka nyeupe. Mama akazitazama zile kadi tatu alizoziandika kwa mkono wake, akazikusanya, akachukua nyingine na kuanza kuandika upya anwani zilezile.

Ndipo nilipokupigia. Nilikueleza kwamba kwenye orodha ya karatasi hakuna saizi ya kadi, kuna karatasi kubwa tu. Ulinijibu na kelele za watu nyuma yako. Ulisema nizime na kuwasha. Nikazima nikawasha. Ulisema niifute ile printa kwenye kompyuta halafu nichomeke tena. Nikaifuta, nikachomeka, ikarudi vilevile, tena safari hii zimekuwa mbili zenye jina moja, na zote mbili zinasema ziko tayari. Ukacheka. Ukaniambia, "Dada, hiyo mashine inajifanyia yenyewe, wewe ndiye unayeibughudhi. Iache. Jumamosi nakuja, nitaimaliza kabla chai haijapoa."

Mama aliyasikia maneno hayo kwa sababu nilikuwa nimeweka sauti kubwa. Alifurahi. Siku ya Jumamosi alichemsha magimbi na nyama, chungu kizima, chakula chako. Aliweka soksi nene mlangoni kwa sababu sakafu ya chumba cha baba ni baridi. Tulikaa. Mchana ulipopita ukatuma ujumbe kwamba kuna dharura kazini. Mama akasema maskini, wanamtumikisha mno. Mimi nilikuwa nimeshaona picha aliyoweka Rinka, ninyi nyote na wazazi wa Sanae mmevaa yukata, zile kanzu nyepesi za wageni, mko kwenye hoteli ya maji moto. Sikumwonyesha mama. Nilimpakulia magimbi, akala kidogo.

Ukaahidi Jumamosi nyingine. Nayo ikapita. Kila nilipowasha ile kompyuta, neno lilikuwa lilelile, tayari, na mama akaanza kuitania: "Tayari, tayari, kama Hidemasa alipokuwa mdogo. Ukimwita aende shule anajibu tayari, ukifunua blanketi bado yumo." Alicheka mwenyewe. Sijui kama alijua anasema nini, au alijua sana.

Nilimwambia kwa upole kwamba siku zinakwenda, tupeleke dukani wachape, watu wanaanza kuandika kadi zao. Alikataa. Alisema kazi ya baba yako haiwezi kuishia kwenye duka la watu kwa sababu ya waya mmoja. Basi nikapiga simu kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na posta. Kijana akanijibu kwa adabu kwamba hawezi kujua tatizo bila kuviona, kwamba tuvilete vyote viwili. Nikamwambia mama kwamba siku yangu ya mapumziko nitavipeleka kwa gari. Akaitika.

Sasa soma polepole, mdogo wangu.

Kesho yake nilikuwa kazini, jikoni pale shuleni, tunaosha masufuria ya chakula cha mchana. Watu wa ofisini wakanifuata wakasema nina simu ya hospitali. Mama hakungoja siku yangu ya mapumziko. Alikuwa ameipakia printa kwenye kile kigari chake cha kusukuma, akaifunika na shali yake ili theluji isiilowanishe, kompyuta akaitia kwenye mfuko wa mgongoni, akashuka peke yake. Pale kwenye mteremko wa posta barafu ilikuwa imeanza kushika. Kigari kikamtangulia, naye hakukiachia. Bibi Onodera, jirani yetu, ndiye aliyemkuta. Aliniambia mama alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja umeishika printa, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Tazama, kioo cha printa hakijavunjika?"

Mfupa wa nyonga ndio uliovunjika. Wamemfanyia upasuaji, wametia chuma. Daktari alinieleza kwamba kwa umri wake kulala kitandani ni kubaya kuliko mfupa wenyewe, na kwamba atatembea tena ikiwa atakuwa na sababu ya kutembea. Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Utaniuliza kwa nini hukuambiwa siku ileile. Mama alinikataza. Alikuwa bado hajazindukana vizuri kutoka kwenye dawa ya usingizi, akanishika mkono akasema, "Usimwambie Hidemasa. Atajisumbua kusafiri, ana kazi nyingi." Nilimwambia sawa, mama. Nikatoka kwenye korido nikasimama karibu na mashine ya vinywaji, nikalia kwa hasira mpaka mzee mmoja aliyevaa nguo za hospitali akanisogezea kiti.

Niliirudisha printa nyumbani, na kompyuta pia, ambayo haikupata kitu. Kifuniko kimebonyea pembeni lakini inawaka. Nikapiga simu kwa watengenezaji wake, kwenye namba ya huduma kwa wateja. Niliwekewa muziki wa kungojea kwa muda mrefu, kisha akapokea mwanamke. Nilimweleza yote, na nadhani sauti yangu haikuwa nzuri, maana aliniambia, "Dada, kaa kitako kwanza, tutakwenda pamoja." Akaniuliza kama tulichomeka waya kabla ya kuweka draiva, ile programu ya kuiendesha printa yenyewe. Nikasema ndiyo, ndivyo tulivyoambiwa.

Hidemasa, shida ilikuwa hapo tu. Kompyuta ikiona waya inakimbilia mtandaoni kuchukua draiva yoyote inayofananafanana, ya printa za kila namna, ambayo haijui kadi ni nini. Ukiifuta, inaichukua tena ileile. Alinifanya nichomoe waya. Nikaziondoa zile printa mbili, kisha nikaiondoa na ile draiva iliyokuwa imejificha nyuma yake, kwa sababu kufuta jina peke yake hakuiondoi. Akanionyesha mahali pa kuikataza kompyuta isijichukulie yenyewe. Nikachukua draiva halisi kwenye ukurasa wa watengenezaji, kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwa printa, nikaiweka, na ilipoomba waya ndipo nikachomeka. Saizi ya kadi ikajitokeza kwenye orodha, kama haijawahi kupotea. Ungeweza kunielekeza hayo yote kwa simu ukiwa umevaa yukata yako.

Nikatia kadi moja. Ikatoka safi, na lile ua la krisanthemamu la kijivu alilolipenda baba likiwa kwenye pembe yake, na maneno yetu, na chini jina lako, kisha la mama, kisha langu. Nilifurahi, nakwambia kweli. Niliipeleka mbele ya picha ya baba, nikamwashia ubani.

Kisha nikarudi kwenye kiti, nikalitazama jina lako pale kwenye kioo. Nikalifuta.

Kadi zote zilizofuata nilizichapa bila jina lako. Chini kuna mama na mimi, basi. Nilizipeleka mwenyewe posta, kwa mteremko uleule, nikazitia kwenye sanduku. Kufikia sasa zimeshafika kwa mjomba, kwa shangazi wa Tsuruoka, kwa wenzake baba wa kazini, kwa mwalimu wako wa zamani. Watakupigia simu. Watakuuliza kwa upole, kwa kuzungukazunguka, kama kuna jambo limetokea kati yetu. Wajibu unavyopenda. Sikuombi msamaha kwa hilo. Nimejaribu kuutafuta moyoni, sijaupata.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Ile kadi ya kwanza, ile moja yenye jina lako, nilimpelekea mama hospitalini. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya majina mpaka akalifikia lako. Akaniuliza kama wewe ndiye uliyeitengeneza printa. Alikuwa amekataa chakula siku mbili na mazoezi ya kusimama alikuwa hataki kuyasikia. Nikamwambia ndiyo, mama, Hidemasa alinielekeza kwa simu hatua kwa hatua, alikaa na mimi mchana kutwa.

Akaomba uji. Siku ya pili yake akasimama, ameshika vyuma. Kadi ameiegemeza kwenye gilasi ya maji na kila muuguzi anayeingia anaonyeshwa. "Mwanangu yuko Osaka," anawaambia, "lakini alitengeneza printa ya baba yake akiwa hukohuko. Na mwisho wa mwaka anakuja." Hilo la kuja sikumwambia mimi. Amejiongezea mwenyewe.

Kwa hiyo njoo. Njoo hata kama umenikasirikia, hata kama hutaki kulala nyumba moja na mimi, hoteli ziko karibu na stesheni. Mama atakushukuru kwa ile kazi, mbele ya watu, kwa sauti. Usimkatalie, na usinitazame. Inamisha kichwa, upokee shukrani hizo, halafu mshike mkono umtembeze mpaka dirishani.

Nisalimie Sanae, na umwambie Rinka shangazi yake anamkumbuka. Vaeni nguo nzito mkija. Bibi Onodera naye anakusalimu, na amenisaidia kuzoa theluji mlangoni.

Ni mimi dada yako,
Chikako