Mahali Kando Yako, Tegetero

Mke wangu, Mama Felista,

Daktari amesema nipumzike, na binti yetu ameamua maana yake ni nisivuke geti. Basi nakuandikia nikiwa kibarazani Kihonda, mlima ukionekana kabla ukungu haujaufunika.

Nina la kukiri kabla pumzi haijaisha. Wale ndege sikuwaona kama ulivyodhani. Uliponishika mkono msituni na kuninong'oneza, "Chozi yule, anafyonza ua jekundu," mimi nilikuwa nautazama uso wako. Mwalimu wa hesabu hapandi Uluguru kila likizo kwa ajili ya ndege.

Wewe uliwatambua kwa sauti, hata mvua ikinyesha. Na vipepeo je? Uliponda ndizi mbivu, ukaziacha zichachuke, ukazipaka kwenye shina la mti. Wakaja wale wakubwa wa kahawia, wakanywa hadi kuruka kukawashinda. Mama yako alikuwa akipita na mzigo wa magimbi kichwani, akauliza kama hiyo ndiyo elimu uliyosomeshwa, kulewesha wadudu. Ulimchukua mmoja ukamweka kwenye kidole chake. Mama alisimama pale na mzigo wake, kidole mbele, hata kupumua akiogopa, mpaka kipepeo alipoondoka mwenyewe.

Nimefanya kazi na watu wengi wenye shahada. Sijamwona mwingine awezaye kumsimamisha mtu hivyo.

Sasa sikia shida yangu. Umelala Tegetero, ukingoni mwa msitu, katika ardhi ya ukoo wenu. Kwa desturi yetu ukoo hufuata mama, na mume si wa ukoo wa mkewe. Nikifa ni wa kurudishwa Kisaki, kwa wajomba zangu. Sitaki. Nataka kulala kando yako. Nilimwita kaka yako Damiani, ambaye ndiye msimamizi wa ardhi, nikamwomba kama mposaji.

"Shemeji," akasema, "ulikuja mikono mitupu ukaondoka na dada yetu. Leo umerudia shamba?"

Nikamwambia sitaki shamba, nataka urefu wangu tu. Akaitazama miguu yangu, akasema hata huo urefu umepungua. Akamaliza chai yake akaondoka bila kujibu, maana neno kama hilo ni lazima wanawake wa ukoo walikalie kikao. Tangu siku hiyo usingizi ulinihama.

Jana Damiani alipiga simu kwa Felista. Wanawake wamekaa. Wamesema mume aliyemfuata binti yao msituni miaka yote ile, kazi yake kubeba chupa ya chai, huyo wamekwisha kumzoea.

"Nafasi ipo, upande wa msituni," Damiani akasema. "Ila mwambie baba yako asiharakishe. Masika haijaisha, kaburi litajaa maji."

Nitajitahidi kufika kiangazi. Ukisikia majembe, sogea kidogo.

Mumeo,
Baba Felista