Dakika Nne za Mazishi

Katoro, 3 Mei 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mwangaluka mayu. Natumaini hujambo na lile goti limepungua. Mimi ni mzima, kifua tu kinanisumbua kwa vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, lakini dawa nakunywa.

Mama, filamu imekwisha! Miezi saba ya kuokoteza, leo nafunga kamera kesho naenda kusaga mawe, hatimaye imekwisha. Inaitwa Mzimu wa Duara la Saba. Duara ni shimo la wachimbaji, najua ungeuliza. Mchimbaji anauawa na wenzake kwa tamaa ya dhahabu, anazikwa, halafu anatoka kaburini kuwafuata mmoja mmoja. Mzimu ni Hatibu, yule rafiki yangu muuza mitumba, uliyempa michembe ya viazi alipokuja kwenye msiba wa baba.

Jumamosi tunaionyesha kwenye banda la video hapa Katoro. Niombee. Ila nakusihi kitu kimoja, ikifika huko nyumbani usiitazame. Inatisha mno, na wewe una presha.

Mwanao,
Ngusa


Didia, 12 Mei 2024

Mwanangu Ngusa,

Marahaba, mhola. Goti liko palepale, masikio ndiyo yameniaga kabisa. Juzi dada yako Limi kapiga simu, nimeiweka sikioni nasikia mvumo tu. Kwa hiyo tuendelee na barua, na huyo kondakta wako wa basi anayezileta mwambie asizikalie, hii ya mwisho imefika imelainika kwa jasho.

Hongera kwa filamu. Lakini kwa hiyo presha umenichekesha. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, watoto tisini chumba kimoja, leo unitishe na Hatibu?

Sasa nisikilize. Misa ya mwaka mmoja ya marehemu baba yako ni Jumapili tarehe 14 Julai. Limi anakuja kutoka Mtwara. Unajua mwenyewe alivyokosa kumzika baba yake, alikuwa wodini na mshono wa uzazi. Kila ujumbe wake ni huohuo: mama, nikija nitauona mkanda wa mazishi? Uliurekodi wewe, tangu jeneza linatoka ndani mpaka shada la mwisho. Nimekuomba mara mbili ukaruka, hii ni ya tatu. Mpe kondakta aulete. Nataka Limi aone baba yake alivyozikwa, naye roho yake itulie.

Mama yako mzazi


Katoro, 27 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za huko, na kuku wanaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Watu wa Katoro hawana adabu, mama. Banda lilijaa mpaka wengine wamekalia ndoo. Nikajua leo nimetoka. Hatibu alipotokea mara ya kwanza, uso mweupe kwa unga wa muhogo, macho kayatoa, jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Hatibu, lile shati la bluu bado lipo?" Banda zima likaangua kicheko. Mwingine akauliza mzimu gani anavaa viatu vya yeboyebo. Mwasiti, mama lishe ninayekula kwake kila siku, akasema mbona ni usiku wa manane na kivuli cha mti kinaonekana. Tulipiga mchana, mama, taa ningetoa wapi? Pale kwenye damu nzi wakatua, maana tulitumia juisi ya rozela yenye sukari, wakaanza kuwahesabu nzi kwa sauti, mmoja, wawili, watatu! Mzee mmoja alilala mwanzo mpaka mwisho, tulipomwamsha akasema usingizi ndiyo sehemu aliyoifurahia.

Walicheka kila mahali. Hata pale pa mazishi walicheka. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya banda kwa hasira. Hawajui kazi. Wanataka filamu za nje zenye magari yanayopaa, sisi tunaojaribu wanatukejeli.

Kuhusu mkanda nitautafuta, mambo ni mengi kidogo.

Mwanao,
Ngusa


Didia, 9 Juni 2024

Ngusa,

Sikusalimu. Salamu zangu zimekwama kooni.

Siku ya mnada wa ng'ombe Mageni mwenye banda la video kaja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, kafurahi, kaniandikia kwenye karatasi: Mwalimu, filamu ya Ngusa tumeipata kwenye flashi, njoo, kwako ni bure. Nikavaa gauni la kanisani. Nikakaa benchi la mbele kama mama wa bwana harusi.

Sauti sisikii, kwa hiyo nilikuwa natazama tu. Nikaona jeneza. Nikasema mbona kaliremba kama la kwetu. Nikamwona katekista. Nikamwona baba yako mdogo Edward na lile koti lake la kahawia. Halafu nikaona mwanamke anajigaragaza chini, kanga imemtoka, gagulo liko nje, mdomo wazi, kamasi zinamtiririka, wanawake watatu wanamshika na hawamuwezi. Nikamhurumia. Nikasema moyoni maskini wa Mungu, huyu ni nani?

Ni mimi.

Nikageuka kutazama watu. Wa Didia walikuwa wameinamisha vichwa, maana walikuwepo siku ile. Lakini wanunuzi wa ng'ombe, wageni hawa wanaokuja na malori, walikuwa wanacheka meno yote nje. Mmoja aliyekaa pembeni yangu kapiga paja lake, kanigeukia, kanisemesha. Midomo naisoma siku hizi, nimejifunza kwa shida. Alisema, "Huyu mama hajui kuigiza, anazidisha."

Anazidisha! Mume wa miaka arobaini na mbili, nami nazidisha!

Mageni alikuwa anahangaika kuzima, rimoti inamgomea. Kabla hajazima nikaona udongo wa kaburi la Donatus, mume wangu, unafunuka, na Hatibu anatoka humo na unga usoni na yeboyebo miguuni. Wewe mtoto wewe. Baba yako alikukosea nini? Aliuza ng'ombe wake mwekundu ukasome hiyo kamera.

Ndiyo maana ulinizuia nisitazame. Presha, eti.

Niletee mkanda wangu wote. Sitaki maneno.

Asteria


Katoro, 11 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo tena.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama stendi, nikashindwa kuondoka pale. Mficha uchi hazai, basi ngoja niseme yote leo, ukinichukia unichukie kwa kujua.

Mkanda haupo. Nimeufuta kwa mkono wangu.

Tulikuwa tumebakiza siku moja ya kupiga picha. Hatibu kesha pakwa unga, waigizaji wamekuja, kamera ikaniambia kadi imejaa. Nikatazama kilichomo nikakuta mazishi ya baba, saa moja na nusu. Kadi nyingine sikuwa nayo. Nikachagua dakika nne nilizozihitaji kwa filamu, nyingine zote nikafuta. Nilijiambia mama hatauliza. Ulipouliza nikajifanya sijaona.

Nilihitaji mazishi, mama. Watu mia mbili wa kusimama kaburini ningewatoa wapi? Nani angelia vile kwa soda moja? Nilipokaa kuhariri sikuwa namwona baba wala wewe. Nilikuwa naona tukio la kumi na nne. Naapa hata yeboyebo sikuziona, nilikuwa nimechoka.

Kilichobaki duniani ni hizo dakika nne, na juu yake nimeweka muziki wa kutisha ambao siwezi kuutoa, maana nakala isiyo na muziki nayo nilifuta. Nisamehe mama. Sijui nitamwambia nini Limi.

Mwanao,
Ngusa


Katoro, 30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Wiki ya tatu kimya. Kondakta anasema barua ameifikisha, amekukuta unapepeta karanga, umeipokea, ukaendelea kupepeta.

Nimezunguka mabanda yote ya Katoro na Geita mjini kuomba wafute. Wengine wamefuta, wengine wamenicheka. Nimekwenda mpaka Nkome kwa wavuvi, nako ninakuta ipo kwenye simu zao. Kuna mtu amekikata kile kipande chako, kaweka na muziki wa kuchekesha, kimezunguka kila mahali. Juzi hapa karashani jamaa akawa anaonyesha wenzake. Nikamwambia zima, huyo ni mama yangu mzazi. Akazidi kucheka, akasema wewe Ngusa leo ndiyo umeigiza vizuri. Nikamrukia. Wametuamulia, nina jino limelegea.

Wamesema filamu yangu haitishi. Inanitisha mimi peke yangu, nikifumba macho naiona.

Misani sitakuja. Nitakaaje mbele ya watu wa Didia? Na Limi nitamtazamaje? Mwambie mkanda umeibiwa. Au mwambie ukweli, upendavyo wewe.

Niandikie hata mstari mmoja wa matusi.

Mwanao,
Ngusa


Didia, 21 Julai 2024

Mwanangu Ngusa,

Marahaba. Mhola. Goti limevimba kwa pilikapilika za ugeni, lakini nashukuru Mungu. Hilo jino kang'oe kabla halijaoza.

Misa imepita salama. Watu wengi, ubwabwa umetosha. Walikuuliza, nikasema una kazi. Nimedanganya kanisani kwa ajili yako, hilo nalo ulijue.

Limi nilimwambia ukweli wote siku ileile aliyoshuka kwenye basi. Alikutukana sana, mengine sitayaandika, mimi ni mwalimu. Halafu akaniandikia kwenye daftari: nataka kuziona hizo hizo dakika nne. Nikakataa. Akakataa kukataa kwangu, unamjua alivyo. Ikabidi Mageni alete kompyuta yake hapa nyumbani asubuhi, baada ya chai.

Alitazama jeneza likishuka. Alipofika pale ninapogaragara alinishika mkono akaufinya mpaka pete ikaniuma. Akalia, Ngusa, akalia vibaya kama mimi, kamasi na kila kitu. Mageni akazima kabla Hatibu hajatoka, safari hii aliwahi. Limi akamwambia arudishe mwanzo. Wakarudisha mara nne. Kichwa kikaanza kuniuma na hasira zikanirudia upya, nikataka kuondoka.

Mara ya nne Limi akasimamisha picha pale watoto na ndugu wanapotia udongo. Akaonyesha kwa kidole. Edward huyu. Wapwa zako hawa. Mimi huyu, nimeshikiliwa, nimetia udongo wangu. Akaandika kwenye daftari: Ngusa yuko wapi?

Nikasema alikuwa anarekodi. Nilisema haraka tu, kisha nikarudi kutazama tena mimi mwenyewe. Nimetazama kila uso. Hukutia udongo. Mtoto wa kiume wa pekee, baba yako amefukiwa na wewe umesimama mbele yetu umefumba jicho moja. Watu mia mbili pale na hakuna aliyeona, hata mimi mama yako sikuona. Tulijua umeifanya kazi yako, tukakushukuru, tukakupa soda.

Msamaha bado sijakupa, nikisema nimekupa nitakuwa mwongo mara ya pili mwezi huu. Nikikumbuka yule mnunuzi wa ng'ombe nashikwa na hasira mpaka sasa ninapoandika. Kuhusu kile kipande kinachozunguka, acha kizunguke. Acha kupigana na watu, meno hayaoti tena.

Mafundi walikuja Alhamisi kusakafia kaburi. Saruji ipo, kokoto zipo, Limi ndiye amenunua. Nimewasimamisha. Wamenuna, wanasema wana kazi nyingine Tinde, nikawaambia wangoje, nimesubirisha wakaguzi wa elimu sembuse wao. Nimewapa mpaka Jumamosi. Udongo bado uko wazi.

Panda basi Ijumaa. Limi yupo, atakugombeza, mvumilie. Kamera iache hukohuko Katoro, uje na mikono yako miwili.

Mama yako